Kompyuta Inayowaonea Haya Wageni

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini hata mtu mpole kuliko wote angetamani kuipiga teke kompyuta yangu, maana ilikuwa na tabia moja mbaya: nikiwa nayo peke yangu inachapa kazi bila neno, wakija wageni inaniumbua.

Studio yangu ilikuwa stoo ya nyumba yetu. Nilitoa magunia na baiskeli mbovu, nikabandika magodoro ya zamani ukutani ili kuua mwangwi, nikaweka meza, spika mbili na maikrofoni moja. Kompyuta yenyewe, lile boksi jeusi, niliiweka juu ya stuli nyuma ya bega langu, karibu na mlango. Humo ndimo ninamorekodi nyimbo za watu. Mjomba, kaka yake mama, mwenye duka la saruji na misumari, anapaita banda la kelele. Mimi ananiita Fundi Mitambo, na si kwa heshima.

Mimi na mjomba tulikuwa tumewekeana sharti mbele ya mama: wale vinyozi niliokuwa nawarekodi wakija tena wakaondoka bila wimbo wao, nauza spika, na Jumatatu inayofuata naanza kukaa kaunta dukani kwake. Nilikubali kwa hasira, kama ninavyokubali mambo yangu mengi. Mama hakusema kitu. Alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, na uzi wake na sindano yake, anafuma. Nyumbani kwetu kitu kisicho na kitambaa cha kufuma ni paka tu. Redio ina chake, jagi lina chake, makochi yana vya mgongoni na vya mikononi. Basi akaendelea kufuma, na ule ukimya wake ukaniuma kuliko maneno ya mjomba. Nikajua yuko upande wa kaka yake.

Vinyozi wenyewe ni wanne, wananyoa saluni moja, na wanaimba wakinyoa mpaka wateja wakawaambia wakarekodi. Kiongozi wao anaitwa Besi. Ni mwembamba, shingo ndefu, lakini akifungua mdomo utadhani kuna mtu ndani ya pipa. Mara ya kwanza walipokuja, ubeti wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili sauti ikaanza kukatika, krr, krr, Besi akawa kama anaimba huku anatafuna kokoto, kisha skrini ikawa nyeusi na kazi yote ikaenda na maji. Mara ya pili ikawa vilevile. Waliniaga kwa adabu, na adabu ya mteja anayeondoka inatisha kuliko matusi.

Nikaanza kutafuta mchawi. Nilizima mtandao. Nilifuta kila programu ambayo sikukumbuka niliiweka ya nini. Nilibadilisha nyaya. Kuna mahali kwenye programu ya kurekodia unapoweza kuipa mashine muda wa kuvuta pumzi kabla ya kutoa sauti. Niliipa muda huo mpaka ukibonyeza kinanda leo kinalia kesho. Nilipiga marufuku mtu yeyote kusaga kitu au kupiga pasi ninapofanya kazi, nisije nikagombea umeme na suruali. Mama akachukua nguo zake akaenda kupigia pasi kwa jirani. Hakulalamika, na hilo nalo likaniudhi.

Mwisho nikamwita fundi wa kompyuta. Akafungua, akapuliza vumbi, akafunga, akaiacha ipige muziki mchana kutwa. Haikukohoa hata kidogo.

"Dada, mashine ni nzima," akasema. "Labda hao vinyozi wako ndio wabovu."

Mama alimletea chai kwenye kikombe cha kila siku, kwa sababu fundi si mgeni, fundi ni fundi.

Jumamosi ikafika. Vinyozi wakaja wamependeza, viatu vinang'aa kama wanakwenda kuposa. Nikaenda kuwapokea nje huku mama akihangaika ndani na vikombe vya wageni. Mjomba naye hakukosa. Alikuwa ameshakaa sebuleni na kitu cha bluu mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Fundi Mitambo. Nimekuletea koti la dukani, ujaribu kama linakutosha."

Nikapita bila kuligusa. Nilikusanya simu za vinyozi zote nikaziweka kwenye ndoo, nikaitoa ndoo nje. Nikafunga mlango, nikavaa hedifoni, nikakodolea macho skrini. Ubeti wa kwanza, safi. Wa pili, safi, nikaanza kuvuta pumzi. Wa tatu, krr.

Besi akanyamaza. Mwenzake mmoja akakuna kichwa. "Dada, hii mashine inatuonea haya. Hata watoto wengine wako hivyo, wakija wageni wanajificha uvunguni."

Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshajiona nimevaa bluu, napima misumari, mjomba ananiita Fundi Mitambo mbele ya wateja. Machozi ya hasira yakanijaa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi wageni wakija ndipo naugua. Nikageuka, nikainua mkono, nikaizaba kompyuta kofi, lile la kuzaba redio kuukuu.

Kiganja kikatua kwenye kitu laini. Laini, na cha moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Nikatazama. Kompyuta ilikuwa imevaa. Kitambaa cheupe cha maua ya njano, kimefumwa kwa kipimo chake, kimeshuka pande zote mpaka kwenye stuli na kuziba kila tundu la kutolea joto. Sehemu pekee iliyoachwa wazi ni ya kitufe cha kuwashia, nayo imezungushiwa ua.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Besi kwa ile sauti ya pipani.

Nikakivua kitambaa, nikatoka mbio kwenda kumwambia mama yote yaliyonijaa kifuani. Mlangoni mwa sebule nikamsikia mjomba.

"Dada, unasikia? Kimya. Imezima tena. Jumatatu nitampitia."

"Ngoja kwanza," mama akasema.

"Ningoje nini? Wewe mwenyewe unajua pale hakuna kazi."

"Hakuna kazi?" Mama akaweka sindano chini. "Watu wanapiga viatu rangi kuja kwa mwanangu. Mashine yake nimeifumia kitambaa cha peke yake. Wewe na duka lako miaka yote hii, nimewahi kukufumia nini?"

Mjomba akaanza kulikunjakunja lile koti mapajani. Na mimi hasira yangu ikakosa pa kukaa. Siku zote nilidhani mama ananiombea nishindwe, kumbe alikuwa ananipamba. Nilifurahi, halafu nikaona aibu, vyote kwa pamoja.

Nikaingia na kitambaa mkononi. "Mama, hiki huwa unakiweka lini?"

"Wageni wakija. Wakiondoka nakikunja kisichafuke. Kazi yako ikae uchi mbele za watu?"

"Mama, ile mashine inapumua. Kwa yale matundu ya pembeni. Ikifunikwa inapata joto, sauti inakatika, halafu inajizima isiungue."

Akakitazama kitambaa, akanitazama mimi. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni mimi, mama. Nimeangalia kila kitu isipokuwa mashine yenyewe."

Mjomba alicheka, lakini peke yake.

Tuliiacha ipoe, vinyozi wakanywa chai kwenye vikombe vya wageni. Kisha tukarudi stoo, mama akaja kusimama mlangoni, mikono nyuma, asiguse kitu. Wakaimba wa kwanza, wa pili, wa tatu ukapita, wa nne. Noti ya mwisho Besi aliishusha chini mpaka vijiko vya sebuleni vikatetemeka. Nikauhifadhi wimbo, nikauhifadhi tena mahali pengine, kisha nikajiachia kitini.

Mjomba aliposimama kuaga, mama alikuwa amekikunja kitambaa vizuri. Akamwekea mkononi, juu ya lile koti.

"Kafunike mizani yako. Yenyewe haipumui."

Mjomba akakikunjua kidogo. "Na hili tundu la ua ni la nini?"

"La kuchungulia."

"Na koti?"

"Rudi nalo. Mwanangu ana kazi."

Nikajifanya nina nyaya za kukunja, nikarudi stoo.