Mgonjwa wa Siku za Tamasha

Bosi alipotangaza kwamba saluni itafungwa ili wote waende kwenye tamasha la muziki, wasusi walipiga vigelegele mpaka mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimetimka, akauliza nani anaolewa. Chapchap peke yake ndiye aliyeendelea kusuka. Jina hilo alipewa kwa wepesi wa vidole vyake, na siku ile vilienda mbio kuliko kawaida, maana alijua swali linalokuja.

"Wewe si mwenyeji wa kule?" Bosi akamwambia. "Basi tutafutie pa kulala. Na usitupeleke pa ovyo."

Aliyewahi kwenda kwenye tamasha lile anajua kwamba tiketi si kazi kuipata, kazi ni kupata mahali pa kulaza ubavu. Mji wenyewe mdogo, na siku zile hufurika watu mpaka wenye nyumba wanapangisha veranda. Hoteli iliyo mkabala na jukwaa ilikuwa imejaa zamani. Hosteli ya ng'ambo ya mto ilikuwa na nafasi, lakini muziki ukiisha hakuna gari la kukuvusha, na Bosi hakuwa mtu wa kutembea peku na viatu mkononi. Yakabaki mahema ya uwanjani.

"Mimi nipange foleni ya choo na mswaki mdomoni?" Bosi aliguna. "Labda nife kwanza."

Dada aliyekuwa akiosha vichwa akauliza, kwa nia njema kabisa, "Kwani Chapchap, yule mama aliyekulea si anakaa kulekule?"

"Anakaa mbali na uwanja," Chapchap akajibu bila kuinua macho. "Halafu nyumba yenyewe kibanda tu, hatuenei."

Uongo mtupu. Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa mitaa miwili kutoka jukwaani, ya matofali, ina vyumba viwili vinavyokaa bure mwaka mzima, na shuka zake nyeupe pe. Watu wangepigana ngumi kuipata. Na Chapchap hakuwa na haja ya kuiomba, maana ilikuwa kwao. Mama yake mzazi alifariki yeye hajaweza hata kukaza shingo, na dada mkubwa wa marehemu, ambaye hakuwahi kuolewa wala kuzaa, akambeba. Hakuwa na kwao kwingine duniani.

Shida ilikuwa Mama Mkubwa mwenyewe. Maisha yake yote ya kazi alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na alipostaafu alirudisha funguo tu, tabia akaondoka nayo. Nyumbani kwake mgeni aliamshwa kwa kijiko kinachogongwa kwenye sahani. Kona za shuka zilikaguliwa. Wanawake wazima, wenye watoto wao, waliambiwa wapanue midomo ajue kama wamepiga mswaki. Mwaka mmoja Chapchap alimpeleka rafiki yake, na wakiwa mezani Mama Mkubwa akasema, kwa mapenzi tu na si kwa jingine, "Huyu alikojoa kitandani mpaka darasa la tano, lakini mwone leo alivyo mrembo!" Rafiki alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaenda kuisambaza habari hiyo mtaa mzima.

Na sasa Bosi alikuwa anafungua saluni ya pili na anatafuta msimamizi. Chapchap aliutaka usimamizi ule hata usingizini. Msimamizi kikojozi? Hapana. Akakodi vyumba kwenye nyumba ya wageni ya ghorofa, ya bei ya kuumiza, yenye roshani inayotazama jukwaa. Ukiegemea kushoto kidogo kwenye roshani hiyo, unaliona paa la Mama Mkubwa.

Ikabaki kumwambia mwenyewe, na hapo ndipo ubaya ulipoingia. Mama Mkubwa alipiga simu siku moja kabla ya safari, saluni imejaa watu.

"Nimeshatandika," alisema. "Mto wako ule laini nimeuanika juani. Unafika saa ngapi?"

Chapchap akaziba simu kwa kiganja. Bosi, aliyekuwa akisikiliza kama kawaida yake, akanong'ona, "Mwambie unaumwa," na kujikoholesha kwa mfano. Wote wakaziba midomo kwa vicheko.

"Mama, siji," Chapchap akasema kwa sauti ya kufifia. "Naumwa. Nimelazwa hospitali ya wilaya. Homa ya matumbo."

Mama Mkubwa akauliza, "Nani yuko na wewe?"

"Wenzangu wa kazini wanapita pita."

"Kitanda chako kiko mlangoni au dirishani?"

"Dirishani."

"Omba blanketi la pili, dirishani pana baridi. Haya, pumzika mwanangu."

Chapchap akakata simu, saluni ikampigia makofi. Kisha akaizima simu kabisa, ili ugonjwa uwe na uzito.

Msichana yule hakuwa mjinga, lakini hapo aliutupa ubongo wake mbali. Angemwambia Mama Mkubwa kwamba kazi zimembana, mama angenung'unika yakaisha. Angemwambia ukweli, kwamba anamwonea aibu, angetukanwa wiki mbili kisha akasamehewa. Lakini kumwambia kwamba umelala wodini huna mtu wako! Miaka yote ile bwenini hakuna binti aliyelazwa Mama Mkubwa asiwe kwenye kigoda kando ya kitanda, na beseni miguuni. Aligombana na wakuu wa shule kwa ajili hiyo, na likizo zake nyingi ziliishia humo. Chapchap mwenyewe alikua akiyaona hayo, akalala kwenye viti vya wodi akimsubiri, na bado haikumpitia akilini kwamba safari hii mgonjwa ni yeye.

Alfajiri basi moja likatoka mjini kwa Mama Mkubwa, naye yumo, na beseni, chupa ya uji na blanketi la pili. Alfajiri ileile basi jingine likatoka mjini kwa kina Chapchap, likija upande wa pili, wanawake wa saluni wakiimba viti vya nyuma. Barabara ni hiyohiyo moja. Mahali fulani yalipishana, madereva wakapigiana honi, na Chapchap alikuwa ameinama akimpaka Bosi rangi ya kucha.

Siku ya kwanza ya tamasha alitembea amevaa kofia pana, akikwepa mtaa wa nyumbani. Alichungulia mara moja tu kutoka roshani. Madirisha ya Mama Mkubwa yalikuwa yamefungwa. "Kelele zimemchosha, kaenda kwa jirani," akajiambia, na roho ikamtulia.

Kesho yake mchana, kabla jukwaa halijachangamka, walikaa roshani wakinywa vinywaji baridi. Bosi alikuwa amenuna kidogo, maji ya bafuni hayakuwa na moto. Chapchap akaona amchangamshe. Akamwonyesha lile paa kwa kidole, akasema, "Pale ndipo anapokaa matroni wangu," na kabla mtu hajamuuliza umbali aliosema umeishia wapi, akajifunga shuka kiunoni, akashika kijiko na sahani, akaanza kumwigiza. Alimwigiza vizuri, lazima tumpe haki yake. Alitembea vile, kiuno kimekakamaa, goti la kulia likigoma. Akamwendea Bosi: "Panua mdomo! Hii harufu ni ya mswaki au ya mate?" Bosi alianguka kwenye kiti kwa kucheka. Yule dada wa kuosha vichwa akaomba arudie, na Chapchap akawasha simu yake, akampa ampige picha za video.

Simu ikaita hapohapo, mkononi mwa yule dada.

"Ni Mama Mkubwa," dada akasema, na kicheko kikamkauka.

"Lete," Bosi akaamuru. "Weka spika, tumsikie!"

Chapchap angeweza kukataa. Bosi alikuwa anatabasamu, anamtazama. Akaichukua simu, akaweka spika.

"Mwanangu?" Sauti ilikuwa imekwaruzika. "Simu yako haikupatikana tangu juzi. Uko wapi? Nimefika hapa jana mchana, nimeuliza kitanda kwa kitanda, wanasema hawana mtu kama wewe. Geti likafungwa, nimelala kwenye benchi la nje. Leo nimegombana na muuguzi, nimemwambia mmempoteza mtoto wangu. Wakaniambia, mama, basi labda ukaangalie chumba cha maiti."

Pale roshani Bosi akaweka kinywaji chake chini.

"Nimeangalia," Mama Mkubwa akasema. "Wamenifunulia mmoja mmoja. Haumo. Ndiyo natoka huko sasa hivi. Uko wapi, mwanangu? Wamekuhamisha?"

Na huko chini, mafundi wa jukwaa, waliokuwa kimya tangu asubuhi, wakaufungua muziki wote kwa mpigo. Vioo vya roshani vikatetemeka. Mshereheshaji akanguruma kwenye vipaza sauti, akiwakaribisha watu kwenye siku ya pili ya tamasha, akaomba wa kushoto wapige kelele, wa kulia nao wapige. Mama Mkubwa ameisikia sauti hiyo dirishani kwake kila mwaka.

Chapchap alikuwa bado na shuka kiunoni.

"Hiyo ni nini?" Mama Mkubwa akauliza.

Hata hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja la kweli lingetosha, hata kilio kingetosha. Lakini Bosi alikuwa mbele yake, na uongo ulishamzoea mdomoni.

"Ni redio, mama. Ya mgonjwa mwenzangu."

"Redio."

"Ndiyo, mama."

"Haya," Mama Mkubwa akasema taratibu. "Ugua pole." Akakata.

Bosi ndiye aliyefungua mdomo kwanza. "Wazee nao kwa kukuza mambo! Utamnunulia zawadi, atasahau. Vaa, tushuke." Yule dada wa kuosha vichwa akasema angekuwa yeye angepanda basi muda huohuo. Chapchap alisikia maneno yote mawili. Alikaa akiutazama mkoba wake kitandani, kisha akavaa, akashuka. Alicheza mpaka mwisho wa tamasha, na usimamizi akaahidiwa palepale chini ya jukwaa, katikati ya wimbo. Kila alipopiga simu iliita tu, haikupokelewa.

Tamasha lilipokwisha, aliwaacha wenzake wapande basi, yeye akaenda nyumbani na kanga mpya kwenye mfuko. Njia nzima alijipangia maneno. Atapiga magoti. Ataulizwa, atatukanwa, huenda hata atachapwa, umri wake wote huo. Alitamani achapwe.

Mama Mkubwa alikuwa uani, anaanika godoro.

"Shikamoo mama," Chapchap akasema, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Marahaba. Inuka dada, utachafua nguo." Akamsogezea kiti cha wageni, kile cha mito. "Karibu. Mmesafiri salama?"

Dada! Maisha yake yote hakuwahi kumwita hivyo. "Mama, nitukane."

"Nikutukane kwa lipi? Mgeni hatukanwi."

Mlango wa chumba cha Chapchap ukafunguka, akatoka msichana wa rika lake, amekonda, mifupa ya mabega imechomoza, ameshika ukuta. Alikuwa amevaa gauni la Chapchap la nyumbani. "Mama," akaita kwa sauti ndogo, "naomba maji." Mama Mkubwa akamwendea upesi, goti bovu na yote, akamnywesha kidogo kidogo, akamfuta kidevu kwa pindo la nguo yake, akamrudisha ndani.

"Huyu ni nani?" Chapchap akauliza alipotoka.

"Mwanangu. Nilikwenda hospitali kumfuata mwanangu aliyelazwa peke yake, nikamkuta. Walikuwa wameshamruhusu na hana wa kumchukua." Alilipiga godoro kwa kiganja, vumbi likatimka. "Alikuwa dirishani kwelikweli. Anatetemeka, hana blanketi."

"Mama, mwanao ni mimi."

"Wewe hukuumwa."

Chapchap akalia, kilio cha mtoto, makamasi na yote. Mama Mkubwa alimwangalia kwa upole, upole wa mtu anayesubiri mteja amalize. Hakumshika. Kanga aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante sana, ni nzuri, akaiweka juu ya kiti.

"Nitalala wapi leo?" Chapchap akauliza. "Basi limeshaondoka."

"Kule ghorofani mlikokuwa, majirani waliwaona. Watu wameshaondoka, sasa hivi vyumba ni tele, watakupunguzia bei." Alielekeza kwa mkono, kama mtu anayemwelekeza mpita njia. "Ukitoka hapa unashika kulia."

"Na siku nikiumwa kweli, mama?"

Mama Mkubwa akafikiri, maana hakuwa mwanamke wa kujibu hovyo.

"Utapiga simu," akasema. "Nitapokea. Nitakuuliza unaendeleaje, nitakuambia pole."

Kisha akamsindikiza mpaka getini, kama inavyopasa kumsindikiza mgeni, akamtakia safari njema, akafunga. Chapchap alisimama nje na mkoba wake. Alimsikia ndani akimuuliza yule msichana kama amepiga mswaki, na akimwambia apanue mdomo.