Swali la Degedege

Khairat alizunguka nyumba za Mvumi mpaka mbwa wakaacha kumbwekea, na kila alikopiga hodi jibu lilikuwa lile lile. Mtoto akishikwa na degedege, unakimbilia wapi kwanza: hospitali, kwenye maombi, au kwa mganga? Hospitali, walisema wote, kama wanaoimba darasani. Utafiti wake wa chuo ulihusu namna watu wanavyochanganya sayansi, dini na uganga, na msimamizi wake, Dokta Geofrey, alikwishamwambia kwamba watu hao wanamsomea bango la kliniki. Asipopata hata mmoja wa kusema kweli, abadili mada, aanze upya mwakani. Mwaka mwingine wa kumbeba mwanawe Aiman mgongoni kwenye vumbi hili. Akiliwaza hilo alinywea.

Nyumba iliyobaki ilikuwa ya Bibi Loisi, mwimbaji wa kwaya, ambaye Khairat alimkuta mkekani akimenya karanga. Akatoa shikamoo, akaketi, akauliza. Hospitali, bibi akajibu bila kuinua macho, akaongeza kwamba wao ni watu wa kanisa, mambo ya giza waliwaachia mababu.

Basi Aiman akajilowesha. Khairat akamlaza mkekani ambadilishe, na hirizi nyeusi ikajitokeza kiunoni. Aliifunika upesi, lakini bibi alikwisha kuona. Mkono wenye karanga ukasimama hewani.

"Ee mama Aiman," alisema taratibu, "na hiyo nayo ni dawa ya hospitali?"

Uso ukamchoma Khairat. Angeweza kusema ni urembo tu, au ni mambo ya mama yake huko mjini, yeye hayumo. Chuoni walifundishwa kwamba mtafiti huuliza, haulizwi. Lakini ataombaje ukweli kwa mtu, huku wake ameufunika kwa nepi?

"Mwezi wa Ramadhani alishikwa na degedege," alisema. "Nilimkimbiza hospitali, akachomwa sindano. Pale kitandani nikamsomea Yasini. Mama yangu naye akaja na hii, akamfunga. Alipona, bibi. Kipi kilichomponya sijui, na kuifungua sithubutu."

Bibi Loisi akacheka mpaka karanga zikamwagika, kicheko cha mtu aliyekutana na mwenzake njiani.

"Chuo chote hicho, na bado umemfunga hirizi! Haya. Andika kwanza hayo yako, nikuone. Kisha nitakwambia ya Yotham wangu alipokuwa mdogo, mpaka jina la mganga, na zaburi niliyoisoma njiani kwenda kwake."

Khairat akashika kalamu. Alijua Dokta Geofrey atauliza mtafiti ameingiaje ndani ya utafiti wake mwenyewe. Akiuliza, atajibiwa. Mahali pa jina la mhojiwa akaandika: Khairat, mama wa mtoto mmoja.

"Na hirizi usiiruke," bibi akamwambia, huku akimpakata Aiman.