Kidole cha Delfina

Firmo Peli alikuwa na jeuri moja tu maishani, nayo ilimtosha. Umpelekee bastola yoyote ya baruti nyeusi, zile nakala zinazoundwa pale Gardone, bonde la mafundi wa silaha mkoani Brescia, kwa kuiga silaha za Wamarekani wa kale, hata kama jina la kiwanda limeliwa na kutu, ataifungua, atavaa miwani, atainusa kama mbwa wa mwindaji, kisha atakwambia imetoka karakana gani, mwaka gani, na nani aliyeitia tupa. Nyingi ya karakana hizo zilikwisha kufungwa na vipuri vyake haviuzwi popote. Lakini Firmo alikuwa na makasha ya sigara zaidi ya mia mbili yaliyojaa vipande, na kisichokuwemo alikichonga mwenyewe.

Tangu mkewe Delfina azikwe mwezi wa Novemba, jeuri ile ilipata kazi ya pili.

Kabla ya ndoa, Delfina alikaa karakanani miaka mitatu akitia tupa vidole. Kidole ni kipande kidogo cha chuma, chembamba, kinachoisukuma ngoma ya risasi izunguke kila nyundo inapovutwa nyuma. Maelfu ya vidole vyake viliingia kwenye bastola, bastola zikavuka bahari, na nyumbani hakikubaki hata kimoja. Picha zilikuwepo. Nguo zilikuwepo pia, shemeji yake alikuja kuzikunja. Ila Firmo hakujua kumkumbuka mtu kwa picha. Alitaka chuma alichokishika yule mwanamke, kimoja tu, akiweke mfukoni.

Na alijua atakitambuaje. Delfina alikuwa wa mkono wa shoto. Watawa shuleni walimchapa mpaka akaandika kwa kulia, lakini kwenye tupa hakuna mtawa aliyemfuata. Mikwaruzo ya mafundi wote wa bonde ililala upande mmoja, kama ngano iliyopigwa na upepo. Ya Delfina ililala kinyume.

Basi kila bastola iliyokuja, hata kama ilikuja kwa ajili ya skrubu, Firmo alianza kwa kukichungulia kidole. Hamsini na tatu alizifungua. Zote ngano ya upande ule ule.

Ya hamsini na nne aliileta Oreste Vavassori, mwalimu mstaafu wa Bergamo, ambaye kila Jumapili alikwenda kulenga shabaha na wenzake na kila Jumapili alishindwa. Ngoma yake haikuzunguka sawasawa, akasema, ndiyo maana. Firmo akamjibu kwamba mtu wa Bergamo hata ukimpa kanisa alipige jiwe akiwa ndani yake, atalikosa. Oreste akacheka, akaiacha bastola, akamkumbusha asisahau kumrudishia kipande cha zamani. Hakuwa na haja ya kukumbusha. Kipande kibovu hurudi kwa mwenyewe ndani ya kiberiti kitupu, ili aone hakuibiwa. Hiyo ilikuwa desturi ya Firmo kwa miaka hamsini, na alikuwa amewahi kuwatukana hadharani mafundi wasioifuata.

Oreste alipoondoka, Firmo akafungua bastola. Kidole kilikuwa kimelika nchani. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Mikwaruzo ilikuwa imelala kinyume.

Akakaa. Akakibusu kile kichuma kilichojaa masizi na mafuta, mtu mzima wa miaka sabini na moja, mdomo ukawa mweusi kama wa mtoto aliyekula makaa. Kisha, kwa mazoea tu, akageuza fremu asome mwaka, ambao hupigwa kwa herufi ndani ya kisanduku kidogo.

Herufi zilikuwa AC. Elfu moja mia tisa sabini na saba.

Delfina aliacha kazi mwaka wa sabini na tatu, walipooana. Firmo akasafisha miwani, akasoma tena. Chuma hakikubadili maneno.

Sabini na saba aliukumbuka mwaka ule bila kusaidiwa. Ulikuwa mwaka wa mgomo, wiki kumi na moja, na yeye ndiye aliyepanda juu ya meza na kuapa kwamba yeyote atakayetia tupa nyumbani kwa siri ni msaliti. Delfina alikuwa na mimba ya miezi mitano. Daktari alimwamuru alale. Nyumba yao haikuwa na kuni, kwa hiyo kila asubuhi alikwenda kupumzika kwa dada yake Giacomina, ng'ambo ya kichochoro, ambako kulikuwa na joto. Watu wakasema mlio wa tupa unasikika kwa Giacomina. Firmo akaenda na ndoo ya rangi nyekundu, akaupaka mlango wa shemeji yake mwenyewe, alama ya msaliti. Mwezi wa Machi mimba ikaharibika. Na Firmo, katika uchungu wake, akamwambia mkewe kitandani kwamba ndiyo malipo ya kukaa katika nyumba ya msaliti. Hawakupata mtoto mwingine.

Akakishika kidole, akavuka kichochoro.

Giacomina alikuwa anakoroga polenta, ugali wa kwao wa mahindi. Na mkoroga polenta hana pa kukimbilia: akiiacha inaungua, na yeye hajawahi kuunguza. Firmo akakiweka kile kichuma juu ya meza. Akamwambia mwaka.

Mwiko haukusimama.

"Ulikuwa lazima uwe hodari hivyo wa kusoma vyuma, shemeji?" Giacomina alisema. "Wenzako wanasoma gazeti."

"Ni yeye aliyekuwa anatia tupa hapa?"

"Mimi nimewahi kushika tupa lini? Hata kisu cha mkate nakiogopa."

Akamweleza bila kugeuka. Vidole vilikuja kutoka karakanani, vimefichwa chini ya unga, ndani ya kikapu. Delfina alifanya kazi ameketi, miguu juu ya kigoda, kwa kuwa daktari alisema alale, na kuketi, alidai, ni kulala kwa watu wasio na nafasi. Supu aliyokula Firmo wiki zile, akisema mgomo haujamshinda, ilitoka hapo. Siku ya rangi Delfina alikuwa ndani, nyuma ya mlango, akiisikia brashi. Alimshika dada yake mkono asitoke.

"Kucha zake," Firmo alisema. "Zilikuwa nyeusi. Mbona sikuona?"

"Ungeonaje? Gardone nzima kuna kucha nyeupe? Padri peke yake." Giacomina akauzungusha mwiko. "Na zako zilikuwa nyeusi zaidi."

Firmo akakichukua kile kichuma mezani. Akauliza kwa sauti ndogo. "Ni kazi ile iliyomtoa mtoto?"

"Daktari alisema ingeweza kutokea hata angelala. Delfina hakumwamini. Mimi sijui." Ndipo akageuka. "Aliniapisha. Alisema, Firmo akijua hatajisamehe, na akijinunia nitaishi naye vipi? Mimi ulininunia miaka kumi na moja, nikabeba. Sasa keti ule. Polenta haisubiri msiba."

Alikula. Au alimeza, tuseme.

Kidole kipya kilimchukua siku tatu, ingawa ni kazi ya asubuhi moja. Oreste aliporudi, akavuta nyundo mara sita, ngoma ikazunguka kama saa. Akafurahi. Kisha akanyoosha kiganja akingoja kiberiti.

Firmo aliangalia kile kiganja. Kidole cha Delfina kilikuwa mfukoni, upande wa moyo.

"Sina," alisema. "Nimekiiba."

Oreste alicheka hadi akashika meza. Miaka yote, akasema, watu wa Bergamo wanajua kuwa watu wa Brescia ni wezi, leo ndipo mmoja amekiri. Akaondoka akiahidi kuwasimulia wenzake, na bila shaka aliwasimulia.

Firmo akabaki mlangoni. Ng'ambo, kwenye nyufa za mlango wa Giacomina, wekundu ulikuwa bado upo, umeingia ndani ya ubao mahali ambapo msasa haufiki. Miaka arobaini na miwili alipita hapo kila siku na hakuwahi kuusoma. Akaingia ndani kutafuta kisu chembamba, kitakachofika kwenye nyufa zile.