Lango Lililoitikia Salamu

Usiku wa kuamkia Alhamisi, Kabula Mhoja, mpishi wa uji katika shule ya mtaani kwao, aliota kwamba lango la kisima limeota mdomo.

Hakushangaa sana. Lango lenyewe lilikuwepo kweli. Miezi saba iliyopita, wakubwa waliojenga maghorofa upande wa chini walikizungushia uzio kisima cha mtaa, wakasema maji yale sasa ni ya bustani zao. Watu wa mtaa wakaambiwa wazunguke mlima mpaka kwenye bomba la upande wa pili. Tangu hapo kila mmoja alikwenda kubembeleza kivyake. Kabula alibembeleza vizuri kuliko wote: mlinzi alimruhusu kupita saa nne, kwa ajili ya uji. Jirani yake Ng'washi, mwenye mama mgonjwa asiyeinuka kitandani, alikataliwa, na mwezi mzima sasa hawakuwa wakisalimiana. Alhamisi hiyo palikuwa na mkutano wa mtaa kuhusu lango. Kabula alikwisha kusema ana kazi.

Basi ndotoni jua limetoka, na Kabula amesimama mbele ya lango na ndoo yake.

"Shikamoo," anasema, maana kwa sura lango ni mtu mzima.

"Marahaba," lango linaitikia. Kwa kuwa haliwezi kuitikia bila kufungua mdomo, linafunguka upana wa kiganja kimoja. Halafu linafumba. "Leo hapapitwi."

"Umeona?" ndoo inamuuliza.

"Nimeona."

"Kiganja kimoja. Mimi siingii kwenye kiganja kimoja."

Juu ya lango palikuwa na kibao: HAKUNA NJIA. Kibao hicho kilisema kweli. Kila aliyekisoma, hatua moja ya njia ilitoweka chini ya miguu yake. Watu walikuwa wamekisoma kwa miezi saba, na njia iliyobaki haikuzidi hatua kumi. Kabula akafumba macho asije akakisoma. Alipoyafumbua, yuko ofisini.

Ilikuwa ofisi ya mkubwa, naye alikuwa mkubwa kweli. Magoti yake yaligusa dari, na sehemu yake iliyobaki ilikuwa imetokea juu ya paa. Kofia yake ilikaa mezani, kwa sababu hapakuwa na ngazi ya kuifikisha kichwani. Kila aliyepita pale aliinama kidogo kwa heshima, na kila mtu alipoinama, mkubwa aliongezeka inchi moja.

"Karibu, mama," sauti ilishuka kutoka juu ya paa. "Wewe ni mtu mwelewa. Nimekutengenezea mlango wako."

Mlango ulikuwa ukutani, umepakwa rangi ya kijani, na una umbo la Kabula mwenyewe: mabega yake, nyonga zake, hata kilemba chake. Kutoka ng'ambo yake alisikia maji.

"Nilipimwa lini?"

"Siku uliyosema shida yako ni yako, na ya jirani ni ya jirani."

Kabula aliikumbuka siku hiyo. Akaingiza bega moja. Lilienea bila kukwaruzwa popote, na jambo hilo lilimuudhi.

"Na Ng'washi je?"

"Huyo hana vipimo."

"Mama yake hajaogeshwa siku ya tatu leo."

"Mama yake pia hana vipimo."

Kabula akalitoa bega. "Basi sipiti."

"Mlango huu ukifungwa haufunguki tena. Uji utaupikia nini?"

Kabula alifikiri. Aliwaona watoto wakiwa mstarini na vikombe vyao. "Sijui," akasema. "Lakini sipiti."

Alisema hivyo akiwa amesimama wima, na mkubwa akapungua inchi moja. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo.

Ofisi ikawa jiko la Ng'washi. Ng'washi ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele. Hainui uso.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Na kukuomba sauti yako."

"Sauti yangu ya nini? Si ya kwako ndiyo inayosikika huko?"

"Ya kwangu inafungua kiganja kimoja tu."

Ng'washi akaendelea kuchambua, mpaka sinia likasema, "Mjibu mwenzio, dada, mimi nimechoka kushikwa."

"Mwezi mzima," Ng'washi akasema, "ulipita mlangoni kwangu na ndoo imejaa."

"Nilipita."

"Hata kikombe kimoja."

"Hata kikombe kimoja, Ng'washi. Kweli."

 Ng'washi akaweka sinia chini, akajifunga khanga kiunoni. "Haya. Twende."

Walipotoka jikoni walikuta wamefika langoni, na mtaa mzima upo, watu kama mia nne na ndoo zao. Lufunga, fundi baiskeli, alikuwa ameokota jiwe.

"Niweke chini," jiwe likamwambia. "Nimekaa hapa kabla babu yako hajazaliwa, na sijawahi kumpiga mtu."

Lufunga akaliomba radhi, akalirudisha palepale.

Wakaanza kusalimia, kila mtu kwa wakati wake. Lango likawaitikia mmoja mmoja, kiganja kwa kiganja, likifumba kila baada ya salamu. Nusu saa ilipita. Hakuna hata kikombe kilichoingia.

Ng'washi akapanda juu ya ndoo ya Kabula, ambayo ilijipindua yenyewe bila kuombwa. "Nitazameni mimi," akasema. "Nikivuta pumzi, tuvute wote. Asitangulie mtu. Asibaki mtu."

Wakavuta. Majani ya uzio yakalala upande wao.

"SHIKAMOO!"

Lango likabana midomo. Kutoka juu mkubwa anainama, analiziba kwa viganja viwili. Ni mara yake ya kwanza kuinama, na hakuna anayeinama naye. Kwa hiyo anapungua: kimo cha mnazi, cha nguzo ya umeme, cha mtu aliyepanda ngazi.

Lakini lango lilikuwa limelelewa vizuri. "Niachie," likamwambia kati ya vidole vyake. "Watu wazima wamenisalimia."

"MARAHABAAA!"

Likafunguka mpaka mwisho. Ikawa kila likitaka kufumba, wanalisalimia tena, zamu kwa zamu, upande huu ukipumzika upande ule unapokea. Hakuna aliyekimbia. Waliouguza walitangulia. Mkubwa, ambaye sasa alikuwa na kimo cha mtu yeyote, alikuja na jagi mkononi.

"Samahani, foleni inaanzia wapi?"

"Nyuma ya Lufunga," Ng'washi akamjibu, na mkubwa akaenda nyuma ya Lufunga. Wakaendelea kusalimia mpaka ndoo ya mwisho ikajaa.

Kabula aliamka jua limekwisha kupanda. Alifungua mlango, akamkuta Ng'washi anafagia upande wake wa uwanja. Kabula aliamua kuanza yeye. Akafungua mdomo amsalimie, na kilichotoka ni mlio mwembamba, kama tairi linalotoa upepo. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa.

Ng'washi akaacha kufagia. Alimtazama Kabula, akashika koo lake mwenyewe, kisha akajaribu kujibu. Yeye naye hakuwa na sauti.

 Halafu Ng'washi akaonyesha barabarani kwa kidevu. Mbele ya kibanda chake, Lufunga alikuwa akimweleza mteja bei kwa vidole.

Mkutano ulikuwa saa tatu. Kabula aliingia ndani, akavaa viatu, akatoka. Ng'washi alikuwa anamngoja njiani. Wakaongozana bega kwa bega, na katika kila nyumba waliyoipita alitoka mtu anakohoa, akajiunga nao.