Chaki Kwenye Mabomba ya Boila

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa stoo ya sabuni, na kufikia saa nne kila mfanyakazi wa idara ya kufulia ya hospitali alikuwa amesimama mbele yake, akilitazama kama jeneza ambalo hajui amelala nani ndani.

Kutakuwa na mtihani wa kusoma na kuelewa. Maswali kumi, alama ishirini. Asiyefika kumi na tano hatagusa tena mtambo, na kama anakaa kwenye nyumba za kazi, arudishe ufunguo. Wametoa wiki mbili.

Walioandika hayo hawajawahi kubeba shuka lenye damu mbichi. Lakini ndio hao hao waliojua nani anafaa kulibeba. Wakubwa ndivyo walivyo: wao hukata nguo bila kumpima mtu.

Mzee wa Boila alilisoma mara tatu. Kusoma alijua, darasa la nne halikwenda bure. Miaka ishirini na saba alikuwa akiwasha tanuri, akisikiliza maji yanavyoguna ndani ya chuma, akijua kwa sikio lini mvuke unatosha. Chumba chake kilipakana na boila, ukuta mmoja, mlango mmoja, dirisha la kutolea mkono tu. Sakafu ya humo aliisakafia marehemu mkewe kwa mikono yake, baada ya kuomba fundi kwa wakubwa miaka mitatu na kuambiwa asubiri. Kwenye pembe ya kitanda alama za vidole vyake zilikuwa bado zipo kwenye saruji. Arudishe ufunguo aende wapi? Na sakafu aibebe mgongoni?

"Shemeji, umekunja uso kama shuka la wodi ya watoto," alisema Bi Pasi, mwanamke wa pasi kubwa ya mvuke, rafiki wa marehemu tangu usichana. "Mtihani ni kunakili tu. Swali lina neno, unalitafuta neno lile juu kwenye kifungu, unanakili sentensi nzima. Kwisha."

"Na kuelewa?"

"Kuelewa nani kakuomba?"

Jioni hiyo alimpigia binti yake. Binti alikuwa mwalimu wa darasa la sita, mkavu wa maneno kama mama yake. Alifika chumba cha boila kesho yake baada ya vipindi, na vumbi la chaki bado kwenye mkono wa gauni.

"Soma hapa, baba." Akampa ukurasa wa kitabu cha shule.

Akasoma wote bila kukwama.

"Umesoma nini?"

Mzee akatazama geji, kipimo cha mvuke ukutani. Geji haikumsaidia.

"Usione haya. Ninao arobaini darasani wanaosoma kama redio. Ukiwauliza habari, wanakutolea macho. Maneno ya mtaani wanayo, ya vitabuni hawana. Kwenye majibu wananakili sentensi. Wanapata alama, habari hawaipati."

"Maneno ya wenye viatu hayo. Wanayaficha makusudi. Asiyejua maana haambiwi maana."

"Basi tutayafichua. Matano kwa siku, hayazidi. Siyo kukariri. Nakwambia neno, unalisema kwa maneno yako, unanionyesha humu ndani liko wapi, halafu tunalisoma kwenye habari. Haya, *tathmini*."

Alipomweleza, mzee alifikiri kidogo. "Ni pale ninapochungulia moto kabla sijaongeza kuni. Nauangalia, naupima, ndipo naamua."

"Hapo hapo." Akaandika kwa chaki kwenye mlango wa tanuri.

Wakaenda hivyo. *Kigezo* kikaandikwa chini ya geji, kwenye mstari mwekundu ambao sindano haipaswi kuuvuka. *Athari* kwenye bomba lililowahi kupasuka, na kovu lake mkononi mwa mzee likiwa ushahidi. *Sitisha* kwenye koki kuu inayofunga mvuke. *Hitimisha* ilimsumbua siku mbili.

"Mama, hili halina pahala humu."

"Lipo. Ukisikia maji yanaguna, ukaona sindano inapanda, ukahisi joto la bomba, unasemaje?"

"Nasema litapasuka."

"Umehitimisha."

Alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akaona kwamba chumba kizima sasa kimejaa maandishi, kila upande anaogeukia neno linamtazama.

Siku ya mtihani, Ijumaa, walikalishwa ukumbi wa kulia chakula, milango ikafungwa kwa komeo. Karani akagawa karatasi. Mzee wa Boila akashika kalamu kama anavyoshika koleo la moto, akaanza kusoma kifungu.

*Kwa kuzingatia tathmini iliyofanyika, matumizi ya boila yatasitishwa ifikapo mwisho wa mwaka. Kigezo kikuu ni gharama. Mashine za umeme zitapunguza mahitaji ya wapiga pasi. Makazi yanayopakana na mtambo yatabomolewa kupisha upanuzi.*

Akarudia. Hakukwama hata neno moja. Jasho likamtoka, na hapakuwa na moto.

Hii haikuwa hadithi ya mtihani. Ilikuwa ripoti ya wakubwa wenyewe. Walitaka andiko lenye maneno magumu, wakachomoa lililokuwa karibu, maana nani huku chini angelielewa? Akainua kichwa. Wenzake walikuwa wameinama, midomo ikicheza, kila mmoja redio. Bi Pasi akamkonyeza, akanong'ona, "Kitamu, shemeji! Kinahusu mashine!"

"Kimya huko," karani akasema.

Maswali tisa yalikuwa na alama kumi na nne. La kumi lilikuwa na alama sita peke yake: *Hitimisha. Mabadiliko haya yatakuwa na athari gani kwa mhudumu wa boila?*

Alihesabu mara mbili. Bila la kumi, ni kumi na nne. Akiliacha wazi, anarudisha ufunguo wiki ijayo. Akilijaza, anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba hatakiwi. Akatazama mlango. Komeo lilikuwa mahali pake.

Akaandika: *Mhudumu wa boila hatakuwa na kazi wala chumba. Sakafu itavunjwa.*

Jumatatu meneja alimwita ofisini.

"Hongera, mzee wangu! Ishirini kwa ishirini. Wa kwanza."

"Kwa hiyo nabaki?"

Meneja akaisoma tena ile karatasi, taratibu. Uso ukambadilika. "Unabaki... kwa sasa. Mengine umeyaandika mwenyewe hapa."

"Mpaka mwisho wa mwaka."

"Hilo bado halijatangazwa, mzee. Nakuomba libaki kati yetu."

"Mmelitangaza Ijumaa, bosi. Na mkatupa alama."

Aliporudi chini alimkuta Bi Pasi anaimba. "Kumi na tano kamili! Nilikwambia, kunakili tu. Hata lile la mwisho nimenakili mstari wa nyumba, wakanipa alama tatu."

"Njoo huku, shemeji."

"Nifundishwe nini tena na nimeshafaulu?"

"Ulichonakili."

Akamsimamisha mbele ya koki kuu. "Soma."

"Si-ti-sha."

"Maana yake?"

"Aah, si uniache nifurahi hata mpaka mchana?"

Mzee wa Boila akashika gurudumu la koki kwa mikono miwili, akalizungusha mpaka mwisho. Mabomba yakalia, yakapungua sauti, yakanyamaza. Miaka ishirini na saba chumba kile hakikuwahi kuwa kimya saa za kazi.

"Nenda kashike pasi yako."

Alikwenda. Alikaa huko kwa muda. Aliporudi hakuwa anaimba.

"Inapoa."

"Ndilo neno hilo. Mwisho wa mwaka. Wewe na mimi."

Bi Pasi alitazama maandishi ya chaki, moja baada ya jingine, kama aliyeingia nyumba ya watu kwa makosa. Kisha akatazama ukuta wa chumba ambamo rafiki yake alikata roho.

"Fungua basi, shemeji," alisema polepole.

Mzee hakuiachia koki, wala hakuifungua. Simu ya idara ikaanza kulia, wakubwa wa ghorofani wakiulizia shuka zao.