Mwinyi Kiroja Anaanzia Wapi?

Katika Bagamoyo nzima, na Mlingotini juu yake, hakuna aliyemjua Mwinyi Kiroja kama nilivyomjua mimi. Miaka sita nilimfuata kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti la kila mwezi: picha nne tu, safu moja, bila neno hata moja, na ndani yake jibaba lenye tumbo na kanzu nyeupe lisilomaliza safari bila kuaibika. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, Kiingereza nakitema kama kokwa za zambarau. Picha nne zingenishinda nini?

Basi mwaka wa hamsini na sita mchoraji wake akastaafu, akaja mwingine. Gazeti nililipeleka mwenyewe barazani kwa Mzee Bwanausi, mshona kofia, tulikozoea kukutana baada ya alasiri. Mtoro, mchukuzi wa samaki wa Mlingotini, alilinyakua kabla sijaketi.

"Huyu nani?"

"Mwinyi Kiroja."

"Kiroja gani huyu! Tumbo limekwenda wapi? Na hivyo viatu kaazima kwa nani?"

"Amestaarabika," nikasema. "Wewe ulitaka atembee pekupeku mpaka lini?"

"Kiroja mwembamba si Kiroja. Huyu karani aliyeiba kanzu."

Tukabishana mpaka nzi wakajaa kwenye kapu lake. Mzee Bwanausi alikuwa ameinamia gazeti, kofia imemlalia magotini, sindano imesimama hewani.

"Tumbo litarudi," akasema mwishowe. "Tumbo si hoja. Hoja ni hizi namba. Kijana kaziandika kinyume."

Kweli, mchoraji mpya alikuwa ametia namba kwenye pembe ya kila picha, moja mpaka nne. Mzee Bwanausi alisoma na kuandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, za Kizungu hakuzijua. Lakini namba zile alizijua, kwa sababu ya futi yake ya kupimia vichwa.

"Kinyume vipi, Mzee?"

"Moja kaiweka kushoto! Kiroja anaanza msafi, anamalizia matopeni. Ndiyo hadithi gani hiyo?"

Nikacheka mpaka nikashika nguzo. Halafu kicheko kikanikauka, maana nilimwelewa. Miaka sita mzee huyu alizisoma picha kutoka kulia, kama anavyosoma kila kitu. Kiroja wangu alitoka kwake akijishaua, akafukuzwa na bata, akateleza kisimani, akaishia kwenye tope. Kiroja wake aliamka topeni, akajikwamua pale kisimani, bata akamsindikiza, akafika nyumbani kanzu inang'aa. Miaka sita tumekaa bega kwa bega tukicheka pamoja, kila mtu na Kiroja wake, na mimi mjuzi sina habari.

"Mzee, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Picha husomwa kutoka kushoto."

"Nani kasema?"

"Watu wote."

"Mimi sikusema."

"Hata mimi naona ya Mzee ina maana," akadakia Mtoro, msaliti mkubwa. "Mtu aanguke, basi, iwe ndiyo mwisho? Nani atamwinua?"

Siku nne nilipigana na watu wawili. Nilichora mishale kwa chaki juu ya baraza, Mzee akaifuta kwa unyayo. Nilileta magazeti ya zamani, Mtoro akayashika juu chini makusudi, akauliza kama huko nako kuna njia. Sauti ilinikauka. Siku ya tano Mzee akaweka sindano chini.

"Sikiliza, mwanangu. Mke wangu, Mwanamvua, mwaka wa pili huu haoni. Kila mwezi namsimulia Kiroja. Naye kila mwezi ananiuliza neno moja: kafika? Namwambia kafika. Mwezi huu nimwambieje?"

"Si umwambie kafika tu?"

"Nimdanganye mke wangu, nami nimeziona namba?" Akanitazama kama aliyekanyaga uchafu. "Utaniandikia barua kwa mwenye gazeti. Namba zirudi zilikotoka."

Nikachukua kalamu. Laiti ningejua! Salamu peke yake zilimaliza ukurasa: kwake, kwa watu wa nyumbani kwake, kwa wachapaji, kwa wanaokata karatasi. Kesho yake, "Futa hapo, mchoraji tumwite mwanangu." Keshokutwa, "Rudisha ulipofuta, tumwite bwana." Alasiri tatu, na namba bado hatujazifikia! Mtoro naye akitaka tumbo litajwe kwanza.

Nilipofika nyumbani nikazichana karatasi zote. Nikaandika barua yangu, fupi, yenye chumvi, nikaipeleka posta.

"Imekwenda?" Mzee akauliza.

"Imekwenda."

"Kwa maneno yangu?"

"Kwa maneno yako, Mzee."

Mwezi uliofuata barua ikatoka. Chini yake jina langu, Msabaha Alawi, Bagamoyo. Nilitamani kulificha gazeti, lakini Mtoro alikwisha kuliona kwangu, akatangulia na habari. Kufika barazani, namkuta Mzee amevaa kofia mpya, na Bi Mwanamvua ameketishwa mlangoni asikie.

"Shikamooni."

"Marahaba. Soma, mwanangu. Usiruke kitu."

Mjukuu wao Mardhiya, aliyekuwa likizo kutoka shule ya wasichana, alimwekea bibi yake mto mgongoni, kisha akasimama nyuma yangu. Sikugeuza shingo. Macho yote yalikuwa kwenye mdomo wangu, nami mdomo haujanitupa siku hata moja.

"Kwa Bwana Mhariri," nikaanza, "salamu nyingi kwako na kwa watu wa nyumbani, na wachapaji, na wanaokata karatasi. Sisi wa Bagamoyo tunaye mzee wetu mwenye hekima, ambaye kwake Mwinyi Kiroja daima huinuka..."

"Wanaokata karatasi kawataja!" Mzee akamwambia mkewe. "Na kafika, umesikia? Daima huinuka."

Bi Mwanamvua akatabasamu kuelekea sauti yangu.

"Kaka Msabaha," Mardhiya akasema taratibu, kidole chake kikipita juu ya bega langu mpaka kwenye karatasi, "hebu rudia hapa. Wewe umesoma mzee wetu mwenye hekima. Mimi naona, 'kuna kizee kimoja kwetu, kinasoma upande upande kama kaa.'"

Mzee Bwanausi akanyoosha mkono, akalichomoa gazeti vidoleni mwangu, akampa mjukuu wake.

"Soma wewe, Mardhiya," akasema. "Anzia kushoto."