Majivu Nyuma ya Hospitali

Eusebio Choque alisimama mlangoni pake akauziba mlango wote, na Daktari Liesbeth, aliyepanda mlima saa mbili kwa miguu, alitamani kumzaba kofi. Ndani, Primitiva alikuwa katika siku ya pili ya uchungu. Mkunga Hilaria alikwisha kusema kwamba mtoto amekingama tumboni na kwamba yeye amefika mwisho wa ujuzi wake. Gari la wagonjwa lilingoja barabarani. Machela ilikuwa chini, miguuni pa mume, na mume alikuwa anakataa.

"Atakufa," daktari alisema. "Mkeo na mtoto, wote wawili, leo hii. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Miaka kumi na tisa uko hapa, unaongea kama sisi."

"Basi nipishe."

"Kondo la nyuma utalipeleka wapi?"

Daktari aliacha Ubelgiji, akaacha mchumba, akajenga hospitali ya vitanda arobaini mahali palipokuwa na zizi la llama, wanyama wa mizigo wa huko mlimani, na bado wanawake wa kijiji cha Sorapampa walijifungulia majumbani na kufia majumbani. Mbele za watu aliwaita wakaidi. Kimoyomoyo aliwaita majina mabaya zaidi.

"Mwanetu wa kwanza alizaliwa kwako," Eusebio alisema. "Nikaomba kondo lake nikalizike chini ya jiko, kama langu lilivyozikwa, kama la baba yangu. Nikaambiwa limeshachomwa. Mtoto hakuota hata jino, akafa. Mama yake akakesha akimlilia mwaka mzima. Sasa na hili utalichoma?"

Tanuri la kuchomea taka alilileta daktari mwenyewe, kwa meli na kwa lori, na sheria ya kuchoma kila kinachotoka mwilini mwa mgonjwa aliiandika kwa mkono wake. Alijivunia sana sheria ile. Akamgeukia Saturnina, nesi wake tangu mwaka wa kwanza, mzaliwa wa mlima huo huo.

"Mbona hukuniambia?"

Saturnina alikuwa ameinama akikagua mikanda ya machela. Hakuinua uso.

"Nilikwambia mwaka ule ule wa kwanza, daktari. Nikakwambia tena kwenye mkutano, ukasema niwaelimishe." Akauvuta mkanda kwa nguvu. "La binti yangu pia ulilichoma. Nikanyamaza kwa sababu kazi nilikuwa naitaka."

Daktari aliukumbuka mkutano ule. Alikumbuka pia kwamba alicheka.

"Sitalichoma," alimwambia Eusebio.

"Hayo ni maneno tu."

"Nitaingia mimi," Hilaria alisema kutoka ndani, "na chungu changu. Nitasimama pale pale daktari anapopasua. Asipotaka, mgonjwa haondoki, tutazikana hapa hapa."

Hakuna mtu wa nje aliyewahi kukanyaga chumba cha upasuaji. Daktari akasema aingie, na Eusebio akaondoka mlangoni.

Adhuhuri ilimkuta Hilaria hospitalini, amevaa gauni la kijani linaloburuzika sakafuni, chungu kifuani, macho hayabanduki kwenye kisu. Mtoto wa kike alitoka amelegea, akasuguliwa mgongo, akalia. Kondo lilipotoka, daktari alilitia chunguni kwa mikono miwili. Mkunga akaligeuza kuhakikisha ni zima, akafunika, akatoka bila kuaga.

Daktari alivua glavu akidhani yamekwisha. Alipofika ukumbini alimkuta Eusebio amekipakata chungu.

"Hili nimelipata," alisema. "La kaka yake je?"

Daktari angeweza kumweleza habari za vijidudu na maambukizi, kama alivyowaeleza wengine wote. Badala yake alimwongoza hadi nyuma ya hospitali, kwenye shimo la majivu. Eusebio alivua poncho yake, vazi la sufu la mabegani, akaitandaza chini, akapiga magoti, akaanza kuchota majivu kwa viganja.

"Kuna sindano humo," daktari alisema. "Zitakuchoma."

Eusebio aliendelea kuchota. Saturnina alikuja amefungua kitambaa chake cha kubebea mtoto, akapiga magoti upande wa pili, naye akachota, midomo ameibana. Hakuna aliyemwambia daktari aje wala aende. Alipapasa mfukoni akitafuta glavu, akakosa, akachuchumaa kati yao na kuanza kuchambua sindano kwa mikono mitupu.